Je, wajua kwa nini magangsta wa muvi za Kikorea hawana bastola?

Kama umezoea za Hollywood, siku ukikaa kuangalia muvi ya magangsta wa Korea Kusini utajiuliza hawa jamaa wamefulia au vipi, maana suti kali wanazo, magari meusi wanayo, klabu za usiku ni zao, halafu ugomvi ukianza wanamwagika watu hamsini na marungu ya besiboli, mabomba ya chuma na visu. Bastola hakuna.

Sio bajeti. Kule raia kumiliki bunduki ni shughuli pevu, hata mwenye leseni ya kuwindia bunduki yake inalala kituo cha polisi, msimu wa kuwinda ukifika anaenda kuichukua, ukiisha anairudisha. Kinachochekesha ni kwamba wanaume karibu wote wanajua kulenga shabaha, si jeshi kule ni lazima! Kwa hiyo dairekta akijaza bastola mtaani, watu wa kwao watamuona muongo.

Sasa utamu ndo unaanzia hapo. Risasi unampiga mtu akiwa ng'ambo ya barabara, ila kisu mpaka umsogelee, umshike, muangaliane. Na stori zao nyingi ni za washkaji waliokua pamoja wakaja kugeukana. Chukua Friend ya 2001, ya Kwak Kyung-taek, iliyouza tiketi zaidi ya milioni 8 hukohuko Korea. Kwa Kikorea inaitwa Chingu, yaani rafiki, basi. Ni watoto wanne wa Busan, mji wa bandari, mmoja baba yake bosi wa genge, mwingine baba yake kazi yake kuzika watu, wakiwa wadogo wanaogelea pamoja baharini, wakikua hao wawili wanaangukia magenge yanayowindana. (Kama hujaiona ruka hapa.) Yule mtoto wa mzikaji anamalizwa kwa kisu, usiku, mvua inanyesha, anachomwa na kuchomwa tena mpaka wewe mtazamaji unatamani wangempiga risasi moja yaishe.

Wapo wanaotumia bastola, lakini angalia inavyopatikana. Kwenye A Bittersweet Life ya 2005 steringi kageukwa na bosi wake, anataka kulipiza, inabidi aende kwa wauza silaha za magendo, anaishia kukaa meza moja na muuzaji kila mtu anaunganisha vipande vya bastola mbiombio, atakayechelewa ndo anakufa. Kwenye ya Hollywood angevuta droo tu.