Ova 50 peke yake haiifanyi mechi kuwa ODI, mechi rasmi ya kriketi ya kimataifa

Mimi ni karani wa alama, yule anayekaa mezani na kuandika kila mpira unaorushwa. Hapa Goma kriketi ni mchezo wa jirani: uvuke mpaka wa Grande Barrière, upande basi hadi Kigali, ndipo ufike uwanja wa Gahanga. Vijana wanaoanza kuifuata huniuliza: Rwanda wakicheza na Tanzania ova 20 (ova ni mipira sita halali), ile ni mechi ya kimataifa kweli au ni mazoezi?

Ni ya kimataifa. Tangu 1 Januari 2019, mechi za wanaume za ova 20 kati ya nchi wanachama wa ICC, yaani baraza la kriketi duniani, zina hadhi ya T20I, yaani mechi rasmi ya kimataifa ya ova 20. Wanawake walitangulia, Julai 2018. Mnyarwanda akipata mikimbio 50, yaani alama, pale Gahanga, yanaandikwa katika daftari lilelile la Wahindi na Waaustralia.

Kwenye ova 50 ndipo watu wanapopotea. Kila timu hupiga zamu moja tu. Hapo hakuna fumbo. Fumbo ni hadhi. ODI ni ya wanachama kamili 12 wa ICC pamoja na timu chache zilizopewa kibali. Kenya walifika nusu fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2003, lakini kibali hicho walikipoteza mwaka 2014. Baadaye walikutana na Uganda katika mashindano ya Challenge League: ova 50, timu mbili za taifa, na bado mechi ikawekwa Listi A, kundi la mechi za siku moja za ngazi ya juu, pamoja na mechi za majimbo na kaunti. Kwangu mimi huo ni ubahili, lakini karani hapangi sheria.

Listi A yenyewe ni pana, kati ya ova 40 na 60 kwa kila timu, kwa sababu zamani vipimo vilikuwa vingi. ODI ya kwanza, Melbourne, 5 Januari 1971, ilikuwa na ova 40 za mipira minane minane. Kombe la Dunia lilianza mwaka 1975 kwa ova 60, likashuka hadi 50 mwaka 1987.

Sasa angalia hesabu, maana wengi huzidisha. Kila ODI imo tayari ndani ya Listi A, kwa hiyo usijumlishe takwimu hizo mbili. Vivyo hivyo T20I imo ndani ya T20, hesabu ya mechi za ova 20 za ngazi ya juu. Lakini T20 haimo ndani ya Listi A kamwe, hata kama nayo ina kikomo cha ova. The Hundred ya Uingereza, mipira 100 kwa kila timu, huhesabiwa T20. T10, ya ova 10, haina hadhi yoyote rasmi, waache wafurahi.

Uwanjani tofauti huonekana kwa warushaji: katika ova 20 mmoja haruhusiwi kuzidisha ova 4, katika 50 ni 10. Ndiyo maana mrushaji mzuri wa T20 hufichwa hadi mwishoni.

Oktoba 2024, Nairobi, Zimbabwe walipata mikimbio 344 katika ova 20 dhidi ya Gambia. Gambia wakaishia 54. Wapo waliolalamika kwamba rekodi ya T20I isitoke kwenye mechi kama ile. Timu hizohizo zingecheza ova 50, isingekuwa ODI, kwa sababu Gambia hawana kibali.