Kisu cha mhunzi: yanayosemwa na yaliyo kweli

Hii ni wiki ya nne nina kisu kilichofuliwa kwa springi ya lori: makali yana urefu wa sentimita 12, mgongo una unene wa milimita 4, mpini ni wa mkwaju. Kila aliyekishika ana lake la kusema, na mengi niliyoambiwa si kweli.

"Kikinyoa nywele za mkono, basi ni kisu." Jirani alikipitisha mkononi, nywele zikaanguka, akatoa hukumu palepale. Kunyoa kunaonyesha kwamba kimenolewa, basi. Cha kujua ni makali yatakuwaje baada ya kazi. Nilimenya fungu zima la mihogo, nikakata kamba ya katani mara hamsini juu ya ubao (huku Tanga katani haikosekani, na nyuzi zake hula makali kweli), nikachonga kigingi cha kufungia mbuzi, ndipo nikakirudisha kwenye nyanya. Ganda lilipasuka bila kukandamizwa. Gazeti lilikatika vizuri mpaka karibu na ncha, pale likakwama. Basi nikajua pa kunoa.

"Chuma kigumu zaidi ndicho bora zaidi." Hili husemwa hata na wauza visu. Mhunzi hupasha chuma mpaka kiwe chekundu. Joto likifika karibu nyuzi 770 za Selsiasi sumaku haikishiki tena, naye hupanda juu kidogo ya hapo kisha hukizamisha kwenye mafuta. Kikitoka ni kigumu hata tupa inateleza juu yake, lakini kikidondoka sakafuni chaweza kuvunjika kama kioo. Ndiyo maana hurudishwa motoni, safari hii moto mdogo, nyuzi 200 hivi, kwa saa moja au mbili. Hapo kinapunguza ugumu kidogo na kupata ustahimilivu. Ukikisugua king'ae kabla ya kukipasha utaona rangi zikipishana: manjano ya nyasi kavu, kahawia, halafu buluu. Kwa kisu, buluu maana yake umechelewa.

Na hapa ndipo penye uongo mwingine, kwamba springi ya gari ni chuma kizuri hivyo kisu chake lazima kiwe kizuri. Garini kazi yake ni kupinda na kurudi, kwa hiyo kiwandani hulegezwa kuliko kisu kinavyotaka. Fundi akiikata na kuisaga kwa mashine bila kuipitisha upya motoni na kwenye mafuta, utapata kisu cha kunoa kila siku. Tena springi iliyobeba mizigo miaka mingi huweza kuwa na nyufa zisizoonekana kwa macho. Muulize fundi alichofanya baada ya kukata. Anayejua kazi yake atakueleza mpaka umchoke.

"Kinashika kutu, kwa hiyo ni kibovu." Chuma kisichoshika kutu huwa na kromiamu isiyopungua asilimia 10.5 hivi, springi haifiki huko hata kidogo. Nilimenya machungwa ya Muheza, na kabla sijamaliza bapa lilikuwa na madoa ya kijivu na buluu. Hayo si kutu. Kutu ni ile nyekundu inayokula chuma, na niliipata kwa uzembe wangu: nilikilaza usiku mmoja ndani ya ala ya ngozi kikiwa na unyevu. Sasa nakiosha, nakifuta, nakipaka tone la mafuta ya kupikia, na ala ni ya safarini tu.

"Kisu butu hakiumizi." Butu hutaka nguvu, na nguvu ikiteleza huishia kwenye kidole.

"Cha kazi zote kinafanya zote." Kinafanya nyingi, kwa wastani. Mgongo ule mnene unaonipa moyo nikipasua vijiti vya kuwashia moto ndio unaoharibu jikoni: karoti inapasuka kabla makali hayajafika chini, na kitunguu changu hakijawahi kutoka chembamba. Kwa nazi nilijitia ujuzi, nikaigonga kwa mgongo wa kisu mara sita, ikanitazama tu. Mke wangu akaninyang'anya nazi, akachukua panga, akaigeuza kwa mgongo. Pigo moja, na maji hakuyamwaga.