Mgeni wa Mombasa: yasemwayo na yaliyopo

Kila Desemba nyumba yetu ya Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, hugeuka stesheni. Huja binamu, huja rafiki wa binamu, huja na yule ambaye hakuna anayekumbuka vizuri ni wa nani. Kazi ya kuwatembeza ni yangu. Kwa miaka yote hiyo nimeona kinachowachosha zaidi si jua wala jasho. Ni yale waliyoambiwa kabla ya kupanda treni.

"Mombasa ni ufuo."

Mji wenyewe ni kisiwa, na ukitafuta kisiwani ule mchanga mweupe wa kwenye kalenda utazunguka hadi ukome. Fukwe ziko bara: Nyali, Bamburi na Shanzu ukishavuka daraja la Nyali, na Shelly ukivuka Likoni. Diani, ambayo nusu ya wageni wangu huiita Mombasa, iko kaunti ya Kwale. Mtwapa ni Kilifi. Hata treni ya SGR, reli mpya ya kutoka Nairobi inayobeba abiria tangu 2017, hukushusha Miritini, nako ni bara pia. Mwaka fulani mgeni alinipigia simu kutoka stesheni, akaniambia nikae mlangoni nimsubiri, anakuja kwa miguu. Nilimwambia apande matatu kwanza, ndipo nikacheka.

"Watu wa Pwani ni wavivu, mwenyeji atakupotezea siku."

Hili ndilo hunikera, basi nivumilie nilifungue vizuri.

Mgeni huamka na orodha kwenye simu: ngome ya Fort Jesus, feri, ufuo, Mji wa Kale, bustani ya Mama Ngina, na vyote anavitaka kabla ya jioni. Mimi namwambia tutakwenda Fort Jesus asubuhi, saa saba tuko nyumbani, tutatoka tena saa kumi. Hapo hununa. Haoni kwamba saa saba mawe ya ngome yanachoma kama kikaango, na kwamba maduka mengi ya Mji wa Kale hushusha milango mchana kwa swala na chakula, Ijumaa ndiyo kabisa. Mji huu una asubuhi yake na jioni yake. Mchana ni wa kivuli. Anayejiburura juani saa nane hauoni mji, anaona milango iliyofungwa, kisha anarudi kwao kusimulia kwamba Waswahili wamelala.

Bahari nayo ina saa zake. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na siku za bamvua, maji yanapokuwa makubwa, tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Nimewahi kumpeleka mgeni Bamburi aliyeng'ang'ania twende saa aliyoitaka yeye. Tulikuta maji yako mbali, mwani na mawe yako wazi, akaniuliza kwa huzuni ya kweli kama bahari imekauka. Kesho yake nilimpeleka kwa saa ya maji, akaoga hadi vidole vikakunjamana.

Na huo uvivu wenyewe sijui hukaa wapi. Jirani yetu huukanda unga wa mahamri jioni, akaamka kabla ya adhana ya alfajiri kuusukuma na kukaanga. Mgeni anapojinyoosha saa mbili kula mahamri na mbaazi za nazi, mama yule amekwisha kuuza, ameosha karai na amerudi kulala. Bandari ya Kilindini haizimi taa usiku. Wavuvi hutoka kwa maji, si kwa saa ya ofisini.

Halafu kuna salamu, ambazo mgeni huzihesabu kuwa ucheleweshaji. Kutoka kwetu hadi Fort Jesus ni dakika kumi kwa miguu. Nikiwa na mgeni ni nusu saa. Mzee aliyekaa barazani ataulizwa hali, naye ataniuliza ya mamangu, ya ndugu zangu, kisha atamtazama mgeni: "Huyu ni wetu?" Nikishasema ni wetu, mgeni yule anaweza kupita uchochoro ule peke yake wiki nzima, akipotea atarudishwa mlangoni. Orodha ya simu haiwezi kumpa hilo.

Ukitaka kuona kazi ya mwendo huo, simama jioni na muuza kahawa. Dele lake, birika la shaba, limekalia makaa, vikombe viwili visivyo na mkono anavigonganisha kiganjani, kling-kling, kling-kling, wateja wakamsikia kabla hawajamwona. Kahawa ni tungu, haina sukari, unaipooza kwa kashata ya njugu. Kikombe ni kidogo, mafunda matatu kimekwisha, lakini hakuna anayekunywa kimoja. Watu husimama pale wakazungumza mpira, siasa na bei ya samaki. Mgeni wangu wa mwaka jana alisema amejifunza mengi pale kuliko ngomeni, na mimi ndiye niliyemlipia tiketi ya ngome.

"Fort Jesus ndiyo mwanzo wa Mombasa."

Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Ibn Battuta, msafiri kutoka Morocco, alikwisha kulala usiku mmoja Mombasa mwaka 1331, akaandika kwamba watu wake walikula ndizi na samaki, misikiti yao ilikuwa ya mbao iliyojengwa vyema, na mlangoni kulikuwa na kisima cha kuoshea miguu. Mji ulikuwa na wenyewe, na simulizi zao humtaja Mwana Mkisi na Shehe Mvita, ambaye jina lake bado liko kwenye mji. Ngome ni mlango mmoja tu wa habari ndefu: Waomani waliizingira kuanzia 1696 hadi 1698, Waingereza wakaifanya jela tangu 1895 hadi 1958, na UNESCO ikaitia kwenye urithi wa dunia mwaka 2011. Mlangoni pana waongozaji wa kulipwa, na wazuri wapo. Patana bei kabla hamjaanza kutembea.

"Kiswahili sanifu ni cha Mombasa."

Kinachotusikitisha wengine ni kwamba sicho. Mwaka 1928 ulifanyika mkutano wa kuchagua lahaja ya kusanifishwa, tena ulifanyika hapa hapa Mombasa, na ikachaguliwa Kiunguja, cha Zanzibar. Kimvita, lahaja yetu ya Mombasa, kilibaki na watu wake na kwenye mashairi ya kina Muyaka bin Haji. Kwa hivyo mgeni akisoma Ndia Kuu asidhani aliyechora kibao amekosea tahajia, kama alivyonieleza mwalimu mmoja kwa kujiamini kabisa. Ndia ni njia. Mtele ni mchele, kitwa ni kichwa. Hata kahawa ya pale juu sikukosea kuiita tungu.

"Pembe za Moi Avenue ni za ndovu."

Pembe hizo kubwa zilizokingama juu ya barabara ni alumini. Piga picha, twende.

"Feri ya Likoni ni ya watalii."

Ni ya watu wanaokwenda kazini, na anayevuka kwa miguu halipi. Shika simu yako vizuri, tembea na umati, usisimame katikati kujipiga picha.

"Kusema umeshiba ni adabu."

Bara labda. Kwetu chakula huwekwa kwenye sinia, mkekani, watu wakazunguka, na "nimeshiba" ya kwanza haihesabiwi. Ya pili husikika kama salamu. Mgeni mmoja aliyefunzwa kwao kutobakisha kitu alimaliza kila alichowekewa, na mamangu, anayeamini kwamba upande mtupu wa sinia ni njaa, aliendelea kumsogezea wali. "Kula mwanangu, hujala wewe." Walishindana kwa upole karibu saa nzima, hadi kijana akaniangalia kwa macho ya kuomba msaada. Dawa ni rahisi: kula taratibu kwa mkono wa kulia, bakisha kidogo upande wako, sema alhamdulillahi au asante mama, jisogeze nyuma.

"Mwenyeji lazima alipwe."

Hapa wageni huchanganya watu wawili. Anayekuandama ufukweni akitaka kukuonyesha ngamia yuko kazini, mlipe mkipatana. Aliyekufungulia nyumba yake ni mwingine. Ukija na kilo mbili za sukari, au viazi na maharage ya kwenu, umemaliza.

Binti mmoja hakuliamini hilo. Alipoondoka, mamangu alikuta noti mbili za elfu chini ya mto. Alizitazama kwa muda, akazikunja, akanituma soko la Marikiti. Fedha ile yote niliigeuza mabuyu, achari ya embe na kachri, nikafunga katoni kwa kamba. Iliondoka na basi la usiku kwenda Nakuru, jina la binti likiwa juu kwa kalamu nyekundu, na nauli ya mzigo alilipa mamangu.