Usitangaze msiba wa nyasi bahari kabla hujachimbua

Nimetumiwa tena picha mbili za mlango uleule wa mto: moja kijani kitupu, nyingine tope. Chini yake: "Nyasi bahari zimekufa." Zilipigwa miezi gani? Hakuna jibu. Bamvua au maji mafu? Kimya.

Nyasi bahari si mwani. Zina mizizi, maua na mbegu, na uhai wake mwingi umo topeni. Kwenye maji ya baridi, Zostera marina, aina mojawapo ya nyasi hizi, hunawiri wakati wa joto, kisha mwanga ukipungua hupukutisha majani na kula wanga na sukari iliyowekwa kwenye shina linalotambaa chini. Penye joto mwaka mzima, msimu huletwa zaidi na mvua: mto hushusha udongo, chumvi hupungua. Kwa hiyo chimbua. Shina zima ni gumu. Lililokufa ni jeusi na hupondeka vidoleni.

Nikisema hivyo, mwingine hurukia: "Basi zitarudi tu!" Huyu ndiye anayeniudhi zaidi. Akiba ya wanga huisha. Maji yakichafuka wakati wa baridi, mmea unapumua polepole na unatumia kidogo. Uchafu uleule ukija wakati wa joto, mmea unapumua kwa kasi huku mwanga wa kutengeneza chakula haupo; oksijeni inayoshuka mizizini inapungua, salfaidi, sumu ya topeni, inapenya. Majani yakiisha, hakuna cha kutuliza tope, na maji yanazidi kuchafuka. Anayeniuliza nyasi zinavumilia siku ngapi za maji machafu bila kutaja majira, ananiomba nimdanganye. Baada ya ugonjwa ulioua nyasi bahari miaka ya 1930, nyasi za maji ya kina katika Bahari ya Wadden, upande wa Uholanzi, hazikurejea zenyewe.

Tena hata koleo hudanganya. Kuna Zostera za mwaka mmoja zinazokufa zote, mashina pamoja, zikabakiza mbegu za takribani milimita 3. Hapo chekecha tope, ingawa mbegu kuwapo si hakika kwamba zitaota. Vitabu huchora mzunguko wa mwaka kwa mstari laini. Mimi sijauona mwaka uliotii mstari huo. Nikiitwa kwa ziara moja tu, jibu langu ni dhana, na ripotini nitaliandika hivyo hata mteja akinuna.