Nadhiri: kuiweka na kuiondoa

Nadhiri ni ahadi ambayo mtu anamwekea Mungu kwa hiari yake, akijua anachokisema, kwamba atafanya jambo jema lililo ndani ya uwezo wake. Mjini Malindi neno lenyewe si geni kwa yeyote: asili yake ni Kiarabu, na Mwislamu na Mkristo wa mtaa mmoja wanalitumia kila siku. Linalopoteza watu ni kitenzi chake. Kuondoa nadhiri si kuifuta, ni kuitimiza, kama unavyoondoa deni shingoni. Kwa hiyo Kumbukumbu la Torati 23:21 inapotuonya tusiwe walegevu katika kuiondoa, inatuambia tulipe upesi.

Kiapo ni kitu kingine. Anayeapa anamwita Mungu awe shahidi wa maneno yake. Anayeweka nadhiri anamwahidi Mungu mwenyewe. Nalo kusudio la moyoni, mfano "nataka nianze kusali alfajiri", halijawa nadhiri hata likivunjika mara kumi. Waumini wengi wema wanajitesa bure kwa kutojua hili.

Nadhiri nyingi huharibika palepale zinapotamkwa. Mvuvi aliyekutwa na bahari chafu wakati wa kusi anasema, "Mungu wangu, nikifika pwani salama nitakutolea." Atatoa nini? Lini? Akishakanyaga mchanga mkavu hana cha kushika, na wiki zinapita. Angesema, "Fungu langu la safari ijayo nitalipeleka kanisani Jumapili itakayofuata," angekuwa ametaja kitu, kiasi na siku. Tena amesema fungu langu, maana fungu la chombo na la mwenye nyavu si lake, na hawezi kumtolea Mungu mali ya mwenzake. Pesa hizo azitenge palepale samaki wanapopimwa, azifunge mbali na za matumizi, kabla hajapita dukani kwenye daftari la madeni. Zikishachanganyika hazitoki tena.

Yeftha, katika Waamuzi 11, aliahidi kumtolea Bwana chochote kitakachotoka mlangoni mwake kumlaki, akatoka binti yake wa pekee. Mama yake Samweli, Hana, katika 1 Samweli 1, alijua anachoahidi: mtoto wa kiume, amtoe kwa Bwana. Hakwenda Shilo, penye nyumba ya Bwana, mara moja. Alingoja mpaka amwachishe Samweli ziwa, kisha akampeleka. Kungoja kwa namna hiyo, kwenye sababu na mwisho unaojulikana, si ulegevu.

Kuna nadhiri isiyofaa kuwekwa kabisa. Katika Marko 7, Yesu anawakemea waliosema mali yao ni Korbani, yaani wakfu kwa Mungu, ili wasiwasaidie wazazi wao. Karo ya mtoto na dawa za mama mgonjwa haziguswi.

Je, hofu inabatilisha nadhiri? Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1983, kanuni ya 1191, inasema nadhiri iliyowekwa kwa hofu kubwa na isiyo ya haki ni batili. Dhoruba haimwonei mtu, kwa hiyo mvuvi wetu bado anadaiwa. Lakini mama aliyetishwa kwamba asipoahidi pesa leo mtoto wake atakufa, huyo hadaiwi kitu, na aliyemtisha amefanya dhambi.

Hali ikibadilika, Mkatoliki aliyeweka nadhiri ya binafsi anaweza mwenyewe kuibadilisha kwa jambo lililo sawa au bora zaidi. Akitaka kupunguziwa au kufunguliwa, aende kwa paroko, naye anaweza kumfungua kwa sababu ya haki, mradi haki ya mtu mwingine isiumizwe. Kwa Waprotestanti, kwa kawaida ni mtu kukaa na mchungaji wake na kusema ukweli. Kwa vyovyote aende na maneno yenyewe kama yalivyotamkwa, si kama anavyotamani sasa yangekuwa, kwa sababu uamuzi unategemea hayo. Aliyeahidi yule beberu mweupe wa zizini, kisha beberu akafa kabla ya siku bila uzembe wa aliyeahidi, hadaiwi tena. Aliyeahidi "mbuzi mmoja" bado anadaiwa mbuzi.