Nyaya za boti: kwa nini msimu wa kusi nazing'oa zote

Upepo wa kusi ukishaanza kuvuma na masika yakafunga, boti nyingi za faiba kuanzia Shimoni hadi Malindi hupandishwa juu. Nje ya miamba bahari imechafuka, wageni wa kuvua hawapo, na huo ndio wakati wenyewe wa kufungua boti na kuitazama ndani. Yangu mimi ni umeme. Kila msimu wenye boti huniuliza: fundi, si uunge tu pale palipokatika? Hapana. Boti iliyokwisha kula chumvi miaka kadhaa naing'oa nyaya zote nikaanza upya.

Chukua waya wa pampu ya ngama, yaani ya kutoa maji yanayokusanyika chini ndani ya boti, ule wa shaba isiyopakwa bati unaouzwa kwenye duka la vifaa vya nyumba. Umenye ganda karibu na kiungo: badala ya shaba inayong'aa utakuta nyuzi nyeusi, na ukizikwaruza kwa ukucha zinatoa unga. Rudi nyuma shubiri moja, menya tena. Bado nyeusi. Maji ya chumvi hupanda katikati ya nyuzi kama mafuta kwenye utambi wa kandili, na kwa nje ganda linabaki zima, jekundu, limependeza. Ukikata hapo na kuunga waya mpya, umeunga uzima na ugonjwa, na joto la kiungo hicho ndilo litakalokusumbua baadaye.

Kibaya zaidi, waya huo ukiupima kwa mita huku pampu imezimwa, utakuonyesha volti 12.6 safi kabisa. Hata ukibaki na uzi mmoja tu mzima, mita itaridhika, kwa sababu yenyewe haili umeme wa maana. Pima kitu kikiwa kinafanya kazi. Washa pampu, weka ncha moja ya mita kwenye chanya ya betri na nyingine kwenye chanya ya pampu yenyewe. Namba utakayoiona ndiyo volti zinazomezwa njiani. Kisha fanya hivyo hivyo upande wa hasi, na usiuruke, maana mafundi wengi hufuatilia waya mwekundu kutwa nzima wakati tatizo liko kwenye kipande cha shaba kinachokusanya nyaya zote za hasi, kilichoota kijani nyuma ya usukani.

Unene wa waya nao watu huukisia kwa macho. Tufanye hesabu. Pampu inakula ampia 5, na kutoka kwenye betri hadi kwenye pampu ni mita 6. Umeme huenda na kurudi, kwa hiyo waya wako ni mita 12. Ukitumia waya wa milimita 1.5 za mraba utapoteza kama volti 0.7, karibu asilimia 6. Ukitumia wa 2.5 utapoteza 0.42, na wa 4 utapoteza 0.26, chini kidogo ya asilimia 2.2. Kanuni za ABYC, baraza la Marekani linaloweka viwango vya boti, ambazo waundaji wengi wa boti huzifuata, zinataka upotevu usizidi asilimia 3 kwa taa za njia (zile za kuonyesha boti usiku) na vifaa vya elektroniki, na huruhusu hadi 10 kwa vitu visivyo vya lazima. Pampu ya ngama mimi naiweka kwenye kundi la asilimia 3. Pampu inayozunguka kivivu usiku wa mvua, boti ikiwa nangani peke yake, ni boti inayozama.

Waya ninaoweka ni wa nyuzi nyembamba nyingi za shaba iliyopakwa bati, ukiukata unaonekana mweupe kama fedha. Bei yake inauma, najua. Vichwa vyake navibana kwa koleo lake maalumu, kisha navivisha mpira unaosinyaa kwa moto, ule wenye gundi ndani inayofura ukingoni na kuziba kabisa. Kuunga kwa risasi peke yake sikubali kwenye boti: risasi hulifanya eneo la kiungo kuwa gumu, na mtikisiko wa mashine huja kuukata waya pale pale ugumu unapoishia.

Fyuzi inalinda waya, wala si kifaa, kwa hiyo mahali pake ni karibu na betri. Kanuni hizo hizo zinataja inchi 7, kama sentimita 18, isipokuwa waya wa starta, na zinaongeza nafasi waya ukiwa ndani ya bomba lake la kuukinga. Nimeona boti zenye fyuzi nzuri kabisa kule kwenye usukani, na mita kadhaa za waya usio na ulinzi zikipita pembeni mwa tangi la petroli. Hilo ni jambo la kuogopwa.

Swichi ya pampu ya kujiwasha naiunga moja kwa moja na betri, kabla ya swichi kuu, ikiwa na fyuzi yake. Mwenye boti akizima kila kitu na kwenda nyumbani, pampu lazima ibaki macho.

Mambo mengine yaende kwa mpangilio: kama tezi, yaani nyuma ya boti, imelowa mbao ndani ya faiba, irekebishwe kwanza, maana vumbi la kusaga faiba huingia kwenye kila kiungo. Zinki, vile vipande vinavyoliwa na chumvi badala ya vyuma vya boti, zikilika nusu zibadilishwe. Nyaya nazipitisha juu, mbali na maji ya ngama, nikizifunga kila baada ya shubiri mbili, na kila ncha inapewa namba.

Kabla boti haijashushwa, washa vitu vyote pamoja: taa, redio, kipima kina, pampu. Mimina ndoo mbili za maji kwenye ngama na uache swichi ijiwashe yenyewe. Baada ya nusu saa pitisha kiganja kwenye kila kiungo, kimoja kimoja. Kile chenye joto, kifungue ukibane upya.