Je, wajua? Puru iliyotoka nje yaweza kurekebishwa bila kupasua tumbo

Wapo bibi huku kwetu Mwanza, kuanzia Kirumba hadi visiwani Ukerewe, wanaovaa kipande cha kanga kuukuu ndani ya nguo na hata binti zao hawajui ni cha nini. Wakienda haja kubwa, nyama nyekundu yenye utelezi hutoka. Mwanzoni hurudi yenyewe, baadaye huirudisha kwa vidole, mwishowe hutoka hata wakikohoa au wakiinama kuanika dagaa. Wengine hudhani ni bawasiri, wakapaka dawa miaka nenda rudi. Kumbe ni puru, sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, iliyoshuka na kugeuka nje kama mkono wa sweta unaovuliwa.

Daktari hutofautisha kwa macho. Bawasiri hutoka kwa mafungu. Puru iliyotoka yote ina mikunjo ya duara, pete ndani ya pete. Mgonjwa akilala kitandani huenda kisionekane kitu, hivyo huombwa achuchumae na kujikamua. Kwa mama mtu mzima hiyo ni aibu kubwa, na mhudumu anayefunga mlango kwanza amefanya nusu ya kazi.

Baada ya miaka 50, wanawake hupata tatizo hili takriban mara sita kuliko wanaume. Misuli ya nyonga hulegea, na choo kigumu cha miaka mingi huisukuma puru chini. Uzazi huchangia, lakini takriban theluthi moja ya wanawake wanaougua hawajawahi kuzaa. Anayemwambia bibi "ni kuzaa kwako kwingi" anamwonea.

Kwa mtu mzima, tiba ya kweli ni upasuaji. Familia nyingi husita hapo: bibi ana miaka 80, ana presha, atamudu kisu? Mara nyingi anamudu, kwa sababu zipo njia mbili. Mwenye nguvu hupitiwa tumboni, siku hizi hata kwa matundu madogo na kamera. Puru huvutwa juu na kushonewa kwenye mfupa wa sehemu ya chini ya uti wa mgongo.

Aliyedhoofika hufanyiwa kupitia njia ya haja kubwa yenyewe. Edmond Delorme, daktari wa jeshi la Ufaransa, aliieleza mojawapo mwaka 1900: utando wa ndani wa sehemu iliyotoka huchunwa, msuli uliobaki hukunjwa kwa nyuzi, kingo zikaunganishwa. Puru ikiwa ndefu sana, kipande kilichozidi hukatwa. Ganzi ya mgongoni yaweza kutosha. Bibi yuko macho, na tumbo halina kidonda. Kasoro yake ni kwamba kwa kawaida puru hurudi kutoka zaidi kuliko kwa waliopitiwa tumboni.

Puru ikitoka, ikavimba na kugoma kurudi, wahudumu huweza kuinyunyizia sukari nyeupe ya kawaida. Sukari huvuta maji, uvimbe hupungua, kisha hurudishwa taratibu. Lakini ikigeuka zambarau au nyeusi, ni hospitali saa hiyohiyo.

Tatizo la kinyesi kuponyoka bila hiari hupungua kwa wengi baada ya upasuaji, ingawa huchukua miezi, na msuli uliotanuka muda mrefu huenda usikaze tena sawasawa. Kwa hiyo usisubiri ndoo ya maji imshinde bibi. Mpeleke kituo cha afya kilicho karibu, naye akihitaji daktari bingwa aombewe rufaa kwenda hospitali ya Bugando.